Mota ya Ndege ya Baba

Chumba cha Kushonea,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu tele. Habari za huko mgodini? Kikohozi chako kimepoa, au bado unajifanya hodari na kukataa dawa? Sisi ni wazima, isipokuwa macho ya Baba. Ndiyo yamenifanya nikuandikie, maana simu yako haishiki na mimi maji yamenifika shingoni.

Unaikumbuka ile ndege ya mbao aliyoanza kuichonga alipostaafu? Ameimaliza. Ni jeti kamili, urefu wa mkono wangu hadi begani, imepigwa msasa mpaka inateleza. Miaka thelathini alitengeneza injini za ndege za watu. Sasa anataka aione yake ikiruka. Daktari anasema presha ya macho imeshamla sana, na uoni uliobaki unaweza kwisha kabla ya mwezi ujao kumalizika.

Kuchonga alimalizia kwa kupapasa. Mota na vidude vya umeme akaniachia mimi. "Mimi mtu wa mafuta, mwanangu," aliniambia. "Hayo ya betri chagua wewe, una macho." Kaka, mimi fundi cherehani! Mota ninayoijua ni ile inayochezesha sindano.

Nilichagua wiki tatu nzima, na mchagua nazi hupata koroma. Ndege hii inasukumwa na feni inayokaa ndani ya bomba tumboni, na mota ndiyo inayoizungusha feni. Nikaona nichukue kubwa, isije ikaishiwa nguvu angani. Ilipofika, haikuingia. Basi nikafanya kama gauni likimbana mteja: nikapanua. Nilikwangua bomba kwa ndani, kidogo kidogo, hadi kidole changu kikatokea upande wa pili. Nguo utaitia kiraka. Mbao aliyoichonga Baba miaka miwili nitaitia nini?

Nimeziba kwa gundi na kitambaa, na sijamwambia.

Mambo hayakuishia hapo. Fundi redio, yule jirani yetu, alikuja kuniunganishia waya. Tulipowasha tu, kile kidude kinachoipimia mota umeme kikatoa moshi. Akasema ni kidogo, mota inavuta kuliko kinavyoweza kubeba. Kikubwa chake kinataka betri kubwa zaidi, na betri hiyo tukiiweka, pua inainama. Nikirekebisha huku, kule kunaharibika. Fundi mwenyewe alikuna kichwa akasema, "Dada, hapa tunabahatisha tu." Alipoondoka nilikaa sakafuni katikati ya vipande vya nguo nikalia kama mtoto.

Nilikuwa nimepanga kukuomba vipimo tu, wewe uliyesomea umeme: mota ipi, betri ipi. Lakini jana asubuhi Baba aliingia humu, akasimama kwenye meza yangu ya kukatia. Ndege ilikuwa mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha. Akaniuliza, "Umeiweka wapi?"

Nilimshika mkono nikauweka juu ya bawa. Akacheka, eti alikuwa ananitania. Hakuwa ananitania, kaka. Akaendelea kulipapasa bawa, kisha akauliza, "Na hiyo mota uliyochukua, inaliaje?"

Wiki tatu nimeuliza uzito, nguvu, kasi, hata rangi za waya. Hilo sikumwuliza mtu.

Msalimie sana wifi, na Chiriku wenu mwambie shangazi yake anamshonea sare, aache kurefuka kwanza. Fundi redio naye anakusalimu. Mungu akutangulie kila unaposhuka chini ya ardhi, na akupandishe salama.

Nakuomba, kaka, usihangaike na kasi. Nitafutie mota inayolia kama jeti ya kweli, hata ndege ikiruka mara moja tu. Andika upesi, masikio yake bado mazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na nisiye na mwingine wa kumwuliza,

Sindano