Siku Baba Alipoingia kwa Mlango wa Wateja

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekuachia? Mapacha je? Sisi tu wazima, ila goti la Mama bado linatutabiria mvua, na linaishinda redio.

Mapazia yanapumua polepole, nami nimekaa dirishani kama niliyeamshwa ndoto ikiwa haijaisha.

Kaka yako amerudi kutoka kwenye tiba. Unga wa kulevya ameuacha, mwili umeanza kumjaa. Lakini Baba unamjua. Hakumfukuza, wala hakumsemesha. Mara ya kwanza alipoacha, kimya hichohicho kilimrudisha vichochoroni. Na aliporudia, Baba akazidi kununa. Wakawa wanazungushana hivyo, mimi mkewe na Mama tukiumia katikati.

Safari hii alifungua tena chumba chake cha kunyolea. Wateja hawakuja. Nani ampe shingo mtu aliyekuwa akitetemeka juzi tu? Akawa anafagia sakafu isiyo na unywele. Alhamisi alasiri nilimwona akiitazama barabara kwa macho yale ya zamani, moyo ukanipasuka.

Mara Baba akaingia, tena kwa mlango wa barabarani, kama mteja. Akakaa, akaegemeza kichwa.

"Ndevu," akasema.

"Baba, mikono yangu..."

"Nimekuuliza mikono? Nimesema ndevu. Na iwe kwa wembe."

Wifi, povu lilikuwa jeupe kama wingu, feni ikizunguka kivivu, jua limejaa kiooni. Wembe ukapanda kooni taratibu. Ukatetemeka, ukasimama. Baba akafumba macho tu, akangoja. Ukaendelea. Mimi na Mama, kwenye mlango wa uani, tukashikana mikono.

Mara tukasikia mkoromo. Baba amelala! Kaka yako akasimama na wembe mkononi, machozi yakimdondoka, akituashiria tusipige kelele. Mwashi wa jirani akaingia kwa kunyata, akakaa kusubiri zamu yake.

Sisemi yamekwisha. Jana kaka yako alishikwa na jasho na hasira, akavunja kikombe. Baba akamfuata uani, wakakaa bega kwa bega mpaka ikapita.

Mpigie simu. Usimuulize kama ameacha. Muulize amekula nini.

Mama anakusalimu sana, Baba pia, kwa namna yake. Wabusu mapacha, msalimie shemeji. Mungu akulaze salama na akuamshe na furaha.

Wako akupendaye,
Wifi yako.