Karate ya Kusimama Tu

Mama mpendwa,

Tangu tukuzike sijawahi kufundisha karate bila kucheka. Leo nimewaambia wanafunzi wapya, "Kaza!" nikakuona wewe na rinda lako la kanisani, umekunja ngumi, uso umekunjamana kama wa mtu aliyeuma ndimu.

Ulipoanguka kwako Muhuru Bay ukianika omena, wale dagaa wa ziwani, tulikuleta kwangu Migori. Miguu ilikuwa imelegea, hata kuinuka kitini kulikushinda. Kaka Ochieng' akakata shauri kwamba hutaishi peke yako tena. Chai ikapoa mbele yako.

Kesho yake ukaniambia, "Nifundishe hiyo karate yako." Kuruka hungeweza, mateke ndiyo kabisa. Nikakupa kusimama: kunja magoti kidogo, vidole vya miguu vishike sakafu, kisha kaza mapaja, tumbo na mikono bila kusogea, ukitoa pumzi polepole.

"Nyathina, mwanangu, karate gani hii ya kusimama kama nguzo ya stima?"

Lakini ukanogewa. Ulikaza ukingoja uji uchemke. Ulikaza ukiongea na majirani, wakadhani umewakasirikia. Sabato moja ukakaza katikati ya mahubiri, ukatetemeka, jasho likakutoka, pumzi ikilia "sssss" kati ya meno. Mchungaji akaacha andiko. "Kuna mama hapa anapigana na adui!" Wazee wakakuzunguka kwa maombi. Nilitaka kueleza, ukanikonyeza.

"Waache," ulininong'oneza. "Maombi hayaharibu kitu."

Ochieng' alipokuja kutoka Homa Bay, ulimngoja uani. "Nisukume. Nikisogea, nabaki huku. Nisiposogea, unanirudisha kwangu."

Akacheka, akakusukuma kwa kidole. Halafu kwa kiganja. Halafu akavua koti. Ulibaki palepale, Mama, unapumua tu. Yeye ndiye aliyeteleza, akaketi ndani ya karai la nguo nilizoloweka. Akakutazama kutoka humo, povu mpaka kiunoni, kisha akauliza kwa adabu, "Mama, tuondoke saa ngapi?"

Ulirudi. Ukaanika omena zako, ukagombana na wanunuzi wako, na asubuhi moja jirani akakukuta umelala kitandani mwako, umetulia.

Watu hunipa pole kwamba ulikufa peke yako. Nawaambia ulikufa nyumbani.

Tutaonana asubuhi ya ufufuo, Mama.

Kitindamimba wako