Siku Nilizozitunza

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumatano, tarehe 9 mwezi wa sita.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, zikukute mzima wewe, wifi na watoto. Lile jino vipi? Umeling'oa, au bado unamkimbia daktari? Nakujua, utakuwa unatafuna upande mmoja na kusema limepona. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mama yupo. Nikisema yupo, nielewe hivyo hivyo, yupo.

Nakuandikia mchana huu kwa kuwa amelala. Kwenye simu unaniuliza haraka haraka nami nakujibu tunaendelea vizuri, basi unashukuru na kukata. Hatuendelei vizuri, kaka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka mwezi wa kwanza daktari aliposema mama ana maradhi ya kusahau. Alisema yatakwenda polepole, pengine miaka. Pale kiwandani tunapofua mashuka ya hoteli, mwenye mgonjwa anaruhusiwa wiki kumi na mbili za kuuguza kwa mwaka, bila mshahara, na nafasi yake inamngoja. Nilikupigia siku ile ile. Ukaniambia nisizimalize mapema, nizitunze kwa ajili ya siku mbaya. Nikaona umesema la maana. Nikazitunza kama mtu anavyotunza nguo yake ya kutokea.

Basi kila asubuhi nikawa namwacha mama kwa jirani yetu mshonaji, naenda kusimama kwenye mashine ya pasi. Na asubuhi ndiyo akili yake ilikuwa safi! Ananishika mkono pale mlangoni, ananiambia nikae naye siku moja tu, ana mambo anataka kuniambia kabla hayajamtoka. Mimi huyo, kiatu kimoja mguuni, namwambia mama, nikichukua ruhusa tutakaa mpaka unichoke. Naye anacheka. Miezi minne mizima alicheka pale mlangoni, na mimi nikaenda kunyoosha mashuka ya watu nisiowajua.

Mwanzoni mwa mwezi wa tano siku mbaya ikaja. Alitoka na gauni la kulalia, akavuka barabara ile kubwa, akakutwa kwenye ngazi za duka la dawa analia, hajui kwake ni wapi. Nikasema sasa ndiyo yenyewe. Nikaenda kuomba wiki zangu.

Afisa utumishi wetu tunamwita Bwana Karatasi, maana hata ukimsalimia unahisi atakudai sahihi. Alinirudisha mara tatu. Mara ya kwanza muhuri wa hospitali haukusomeka. Mara ya pili fomu ilikuwa ya mwaka jana. Mara ya tatu ni kwa ajili ya swali moja: mgonjwa anatarajiwa kupona lini? Daktari alikuwa ameweka kistari tu. Bwana Karatasi akasema nafasi haiachwi wazi. Nikarudi hospitali, nikapanga foleni upya, daktari akaandika "hatarajiwi." Bwana Karatasi akasoma, akagonga muhuri, akasema sasa imekamilika. Nilicheka mbele yake, kaka, kicheko hata sikijui kimetoka wapi, mpaka akaniletea maji ya kunywa. Wala si mtu mbaya.

Hiyo nenda rudi ilikula siku kumi na moja. Siku ya kwanza ya likizo nilimpelekea mama chai, nikavuta kiti, nikamwambia, haya mama, nimekuja kukaa, niambie. Akanitazama kwa adabu kabisa, akaniuliza kama mimi ndiye nesi mpya.

Nikajipa moyo kwamba kesho atanijua. Leo ni wiki ya nne. Daktari anasema kwa wengine huwa hivi, wanashuka ghafla, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Mara ya mwisho uliniuliza kama nimeshamsikiliza mama yale mambo yake. Sijamsikiliza. Nilimwendea jirani, nikidhani labda yeye aliambiwa. Maskini, aliona haya. Kumbe mama alikuwa akizungumza naye kutwa, mengi tu, ya utotoni kwake na ya baba na mengine, naye yuko kwenye cherehani inanguruma, anaitikia ehe, ehe, huku anawahi sare za shule. Hakushika hata moja. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Yeye angalau alikuwepo.

Nimekukasirikia wewe pia, tena sana, wiki nzima. Ulizungumza kama mtu mwenye akili na mimi nikakusikiliza kama mtu mwenye akili, na tazama tulipofika, wajanja wawili. Lakini miguu iliyokuwa ikitoka mlangoni ilikuwa yangu, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane wiki zinakwisha. Nimeuliza kama zinaongezwa, haziongezwi. Ama nirudi kwenye pasi, ama nafasi apewe mwingine. Jirani ameshaniambia kwamba mtu mzima anayetoroka hamuwezi, naye ana haki. Nikae au nirudi, nimepiga hesabu kila upande, sioni pa kutokea.

Jana nilikuwa nakunja mashuka yake, kwa ule mkunjo wetu wa kiwandani, pembe juu ya pembe. Mama akanikodolea macho, akasema, "Una mkono kama wa binti yangu. Naye anakunja hivyo hivyo."

Nikaweka shuka chini. Nikamuuliza binti yako yuko wapi.

"Yuko kazini. Ana siku zake anazitunza. Akizichukua atakuja kukaa na mimi, nina mambo ya kumwambia."

Nikapiga magoti, kaka. Nikamwomba aniambie mimi.

Akanipapasa bega, tena kwa huruma, akasema, "Hapana, mama. Si ya kumwambia mtu baki. Nitamngoja mwenyewe."

Tangu jana ananiuliza kama binti amefika. Namwambia yuko njiani.

Ulisema utakuja mwisho wa mwaka likizo yako ikiiva. Usingoje iive. Sikuahidi kwamba atakujua, huenda hata wewe akakuona fundi wa bomba. Njoo tu, ukae kwenye kile kiti.

Msalimie wifi sana. Wabusu watoto, na yule Kibogoyo mwambie shangazi anataka kuyaona meno mapya. Mungu awalinde, awape nyinyi muda alioninyima mimi, au tuseme nilioupoteza mwenyewe. Naacha hapa, naona anaamka.

Mdogo wako akupendaye hata akikununia,

yule anayengojwa.