Nilimfungia Mtoto Ndani Asome

Chumba Namba 7,
Nyuma ya kiwanda cha magunia.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Shemeji hajambo? Presha yako imetulia? Sisi tupo. Mimi mgongo tu, zege halina huruma. Uvumilie mwandiko, mkono huu umezoea karai kuliko kalamu.

Nakuandikia habari ya mwanangu, Kiroboto. Mwili mzima, haumwi. Ila ameharibikiwa, na aliyemharibu ni mimi.

Unakumbuka mke wangu siku ile ya mwisho alinishika mkono akasema, "Mwanangu asije akabeba zege. Asome." Wewe ulikuwepo. Tulipomaliza kuzika nikaapa. Basi nikirudi kazini nikimkuta nje anaruka kamba, naona anachezea wosia wa mama yake. Kamba nikaikata kwa panga. Nikamwambia akitoka shule aingie ndani na daftari, na mama jirani amfungie kwa kufuli mpaka nirudi. Hata mwalimu nilimwomba, mapumziko wenzake wakikimbia, yeye abaki darasani na kitabu.

Miezi minane, dada. Kazini nilijisifu kwamba wangu hachezichezi. Fundi mmoja akanitania, "Wewe unalea mtoto au unafuga kuku wa mayai?" Nikamwona mpumbavu.

Juzi mwalimu kaniita. Mtoto alikuwa wa tatu, sasa wa mwisho. Anatazama ubao kama anatazama ukuta. Mwalimu akasema alinikubalia kwa kunionea huruma kwa ule msiba, na anajuta. "Baba, mtoto akikimbia akiruka ndipo akili inachangamka. Mwili umeulaza, na kichwa nacho kimesinzia."

Nikabisha. Halafu nikakumbuka. Saba mara moja, saba mara mbili, yote aliyajua kwa kamba. Mama yake anapiga makofi, yeye anaruka anataja, hakosei. Nilikuwa nawasikia kila jioni. Nilidhani wanacheza.

Jana nikamfungulia mlango. Nikamwambia toka, kacheze. Akasimama kizingitini. Wenzake wakamwita, "Kiroboto! Njoo bwana, tuna nafasi moja!" Akaniangalia. "Baba, nikicheza mama hatakasirika?"

Nilikwenda kujifungia chooni mpaka machozi yakaisha. Nilipotoka alikuwa amesharudi ndani, amekaa na daftari.

Dada, mchukue. Mimi natoka alfajiri, narudi giza limeingia, na watoto wa hapa wanachezea katikati ya malori. Wewe una ua na wanao watatu. Jumamosi nitamleta. Nimeshamwambia. Akaniuliza kama namfukuza kwa kuwa wa mwisho. Nikasema hapana. Hakuniamini.

Akichubuka usiniandikie. Akirudi na matope usimgombeze. Akinisahau kidogo kwa sababu ya michezo, mwache anisahau.

Msalimie shemeji, na mama mkubwa, na wale pacha, na kitindamimba wako. Mungu ailinde nyumba yako, na watoto wasiache kupiga kelele humo.

Mdogo wako, anayekupenda na hana mwingine,
Baba Kiroboto