Ngano Isiyongoja

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na kwamba mchana unakula chakula, si chai tupu. Mimi sijambo, ila nimechoka uchovu ambao hata nikilala siku mbili hauondoki.

Nina shida. Kutu imeingia kwenye vitalu vyetu, ule ugonjwa wa vumbi jekundu kwenye majani. Tulipanda aina mia mbili na kumi za ngano, na kila asubuhi napita na daftari naandika "mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa", kama muuguzi wa wodi isiyo na dawa. Mkuu wa maabara amesema tukimaliza mwaka bila kupata hata aina moja inayostahimili, mradi unafungwa.

Jana nikaikumbuka ngano ya mama, ile aliyokuwa akiipanda nyuma ya nyumba nawe ukimcheka kuwa analima nyasi zenye majivuno. Sikumbuki ikishikwa na kutu hata mwaka mmoja. Baba, zile si nyasi. Ngano ya mkate imechanganya damu za koo tatu za kale. Ya mama ina koo mbili tu, ni kama bibi yake hii tunayolima leo. Punje zake ni nyembamba na zimeng'ang'ania makapi, ndiyo maana watu waliiacha. Lakini huenda bibi ana kinga ambayo wajukuu waliipoteza njiani, sisi tukiwachagua kwa unono tu.

Nimeuliza kila hifadhi ya mbegu ninayoijua, hakuna iliyo nayo. Naomba viganja viwili.

Mwanao,
Bibi Darubini


19 Machi

Kwako Bibi Darubini,

Marahaba. Magoti yapo, yananisalimia kila ninapoinuka. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu mama yako atutoke. Nazunguka humu kama mtu aliyepoteza funguo.

Umeomba viganja viwili, mimi natuma mfuko mzima, yote aliyoiacha. Dereva wa lori la mbao atakufikishia. Sikutaka ufungue makapi mbele ya wakubwa zako, wakauliza huyu baba yake ni mtu wa namna gani. Nimefanya kama alivyokuwa akifanya mama yako kabla ya kupika: nikaipitisha kwenye kikaango kidogo kidogo mpaka makapi yakakauka, nikatwanga, nikapepeta. Siku tatu nzima. Zile nyembamba nikawatupia kuku wa jirani, nimekuachia nono peke yake. Mgongo umegoma, lakini ukiona kapi hata moja niite mvivu.

Nilipokuwa napepeta nilimkumbuka akigombana na ngano hii. Masuke mengine yalikuwa yakimwaga punje kabla hajafika na kikapu. Akiyaita "yasiyongoja", halafu anayatukana kwa upole kama anavyotukanwa mtoto wa mwisho.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mzigo umefika salama. Ni safi sana. Wenzangu wanasema hawajapata kuona ngano iliyopepetwa hivyo.

Kazi ni nyingi, nitaandika zaidi nikipata nafasi. Usibebe ndoo mbili kwa mpigo.

Mwanao


30 Mei

Binti yangu,

Salamu. Hii ni barua ya tatu tangu ile fupi yako. Mzima? Kama kuna mtu amekuudhi, sema. Kama ni mimi, sema pia, nimeshazeeka, sivunjiki.

Imeota? Seremala jirani ananiuliza kila asubuhi, na mimi namwambia mambo ya kitaalamu hayana haraka. Lakini hata mimi najua ngano haichukui miezi miwili kuchungulia. Nimechoka kumdanganya seremala.

Baba yako


11 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Kila nikishika kalamu naiweka chini.

Haikuota. Nilipanga punje mia sita kwenye visahani, juu ya karatasi yenye unyevu, nikawa naziangalia kabla hata sijavua koti. Hakuna iliyochipua. Moto wa kikaango uliua kiini, baba. Kwa kula ingekuwa safi kabisa, lakini mbegu ikishapikwa imepikwa. Na zile nyembamba walizokula kuku ndizo hasa nilizokuwa nazitaka.

Kosa ni langu. Nimesoma miaka yote hii, nikaomba mbegu bila kuandika neno "mbichi". Nilinyamaza kwa sababu niliona siku zako tatu na mgongo wako kwenye kila punje, na nikashindwa kukwambia kwamba ngano ya mama imekwisha. Nimelia chooni kazini kama mwanafunzi.

Usijilaumu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mradi nao unaelekea kufungwa, na nikisema kweli, nimechoka kiasi kwamba siogopi tena.

Mwanao


28 Agosti

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Barua yako iliniangusha. Nilikaa jikoni nikakiangalia kile kikaango, nikakitupa, kesho yake nikakiokota kwa sababu sina kingine. Niliona nimemzika mama yako mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe. Nikawaza, nitamwandikia nini mtoto? Siku zikaenda hivyo.

Sasa sikiliza. Juzi bomba la nje lilivuja, nikalazimika kupita nyuma ya tangi la maji, pale mama yako alipokuwa akipuria. Tangu afariki sijapeleka jembe kule, sikuwa na moyo. Magugu yamenifika kiunoni. Na katikati ya magugu, binti yangu, masuke. Membamba, yenye ndevu ndefu, majani safi bila doa jekundu. Nimeyahesabu mara nne, ni thelathini na moja. Hakuna aliyeyapanda. Yamejimwaga yenyewe na kujiotea yenyewe, yale aliyokuwa akiyatukana. Waliosema subira huvuta heri hawakuiona ngano hii.

Niligusa moja tu, likavunjika vipande mkononi. Nimeviweka kwenye bahasha hii kama vilivyo, na makapi yake, na uchafu wake, hata mdudu mmoja yumo. Yaliyobaki thelathini sijayagusa na sitayagusa. Sipepeti, sikaangi, sichagui. Wala sitayatuma, mikono yangu siiamini tena. Nimeweka kiti ukutani, nakaa hapo mchana kutwa kufukuza ndege. Yameanza kugeuka rangi. Hayatangoja muda mrefu, na mimi pia, nikikwambia kweli, nimechoka kukungoja. Miaka mitatu sasa, umekuja siku mbili tu, na zote mbili zilikuwa za mazishi.

Njoo uvune mwenyewe.

Baba yako


2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mkuu wa maabara alisema nimtume mtu. Nikamwambia mtu mwenyewe ni mimi, na nikamwachia daftari.

Barua hii namtanguliza nayo dereva wa mbao, mimi nafuata Alhamisi kwa basi. Nakuja na bahasha thelathini, moja kwa kila suke. Nikifika na kukuta ishirini, au matano, au yote yameshajimwaga, tutaokota chini pamoja, nimeomba wiki tatu.

Weka kiti cha pili.

Mwanao