Gaju Mbele ya Shuka la Mama

Papa yangu,

Gaju angali ukutani, juu ya kiti cha mama. Leo nimempangusa vumbi, nikaona heri nikuandikie, ingawa barua hii haina posta.

Unamkumbuka yule mpiga picha aliyepita Nyamitaba, vita vya Wazungu vilipokwisha? Alikuwa ametoka kupiga picha mafahali wa shamba kubwa, mmoja mmoja. Mvua ikamfungia kwetu, mama akamlisha, na asubuhi akasema atatuachia picha moja ya shukrani. Mama akatupaka mafuta sisi wote, akavaa kitambaa chake cha kanisani. Wewe ukaenda zizini, ukarudi na Gaju, pembe umezipaka siagi.

“Na sisi, Papa?” mama aliuliza.

“Sura yangu mutaionaka kila siku,” ulisema. “Ngombe njo itakufa.”

Mpiga picha alitaka nyuma ya ng'ombe pawe peupe, basi ukachukua shuka la mama la arusi ukalitundika. Gaju akalinyea. Tulicheka sote isipokuwa mwenye shuka.

Gaju hakutaka kuitazama mashine. Ulisimama pembeni ukamsifu kwa majina yake yote, kama ulivyozoea wakati wa kukamua, naye akakugeukia na kutulia. Hapo ndipo picha ilipopigwa.

Ilitufikia kwa mkono wa katekista. Gaju, aliyepewa jina kwa wekundu wake, alikuwa wa kijivu, nawe ukanung'unika siku nzima. Kabla ya masika kwisha, kifua kilikuchukua. Gaju aliendelea kuzaa.

Nakuambia bila kuzunguka: nimesahau uso wako. Nakumbuka koti, fimbo, moshi wa zizi. Uso hauji. Nimekukasirikia miaka mingi kwa hilo, na hasira haijaisha yote.

Juzi mwanangu aliuliza babu yake alikuwa namna gani. Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, akanyoosha kidole kwenye picha.

“Angalia macho ya Gaju,” alimwambia. “Kule inaangalia, njo kule babu yako iko.”

Mtoto akasogea kando ya picha, akautazama ukuta mtupu kwa adabu, kama anayesubiri kusalimiwa. Nami nikaenda kusimama karibu naye.

Msalimie Gaju huko mliko.

Binti yako,
aliyepakwa mafuta siku ile