Kwa Fundi Otmari, Kuhusu Zile Vocha Tatu

Fundi wangu Otmari,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Miaka tisa nilianza kila siku ya kazi kwa shikamoo yako, nawe ukiitikia umeinama, unatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa.

Nimebakiwa na hasira kidogo na aibu nyingi. Kwa wiki saba nilikuita mwizi. Sikuishia kuwaza tu. Nilitamka kwa mdomo wangu pale Bombambili, kwenye genge la maandazi, watu wakiwa wamejaa, na waliosikia wakapeleka mbele. Nakueleza yote mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine huko uliko.

Unakumbuka tulivyoingia kwenye kazi ya kuchomelea lile ghala la mahindi. Tulikuwa wanne: wewe, Bosko, Abdala wa Tunduru na mimi Tekla wako. Wenye ghala hawakutuajiri. Tulisaini mkataba na wakala wa ajira, ofisi ile ya Mfaranyaki iliyo juu ya duka la mbolea. Wakala akatupeleka kazini, na wakala ndiye aliyetakiwa kutulipa kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa kwanza ukaisha, kimya. Wa pili, kimya. Bwana Fidelis, meneja wa ofisi hiyo ya wakala, alikuwa na jibu moja tu: "Mwenye kazi hajatulipa. Akitulipa leo, ninyi mnalipwa leo." Tukipandisha sauti, unatutuliza wewe. "Subirini, jamani. Fidelis namfahamu. Tumeimba naye kwaya."

Shaka yangu ilianza hapo, ukiwa hai bado. Nilikuwa naona unavyoitwa peke yako kule juu, na unavyoshuka ngazi bila kututazama usoni. Nikikuuliza mmezungumza nini, unasema, "Mambo ya karatasi." Miaka tisa hukuwahi kunificha hata bei ya kijiti cha kuchomelea. Sasa mambo ya karatasi?

Lakini wewe ndiye uliyenipa ada ya mwanangu shule zilipofungua. Ulisema umeuza nguruwe kule kwenu Mpitimbi. Nikajilaumu kwa kukushuku. Sikuuliza tena.

Ile Jumanne ulipoanguka pale chini ya nguzo ya tatu, tulidhani ni jua. Hospitali wakasema kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda pembeni. Alhamisi nilikulisha uji kwa kijiko, nao unatiririka kidevuni, nami nafuta. Ulikuwa unajitahidi kuniambia kitu. Uliniangalia na kusema "Te, Te," basi. Jumapili alfajiri ukatuacha.

Fidelis alikuja Mpitimbi kwenye mazishi. Alilia kuliko ndugu zako, Fundi. Akatoa rambirambi nene, watu wakamsifu. Baadaye kidogo nikamsikia anamuuliza mkeo, Mama Gaudensia, kwa sauti ya chini: "Marehemu hakuacha karatasi zozote za ofisi?" Nilikuwa napita na beseni la kunawisha watu mikono. Nikasimama palepale. Aliyefiwa na rafiki, udongo haujakauka, anauliza karatasi!

Tulipomaliza matanga nikaenda kule ghalani kwa mhasibu wa wenye kazi. Nilimuuliza kwa upole lini watamlipa wakala, nasi tulipwe. Akanishangaa. "Dada, sisi tumelipa kila mwezi. Hata siku moja hatukuchelewa."

Kesho yake tukapanda zile ngazi watatu. Nilijua Fidelis atakana. Hakukana. Alifungua droo, akatoa vocha tatu za malipo, akazishika mkononi kama mtu anayecheza karata na kutuonyesha saini za chini. "Mlishalipwa," akasema. "Mzee wenu alichukua kwa niaba yenu wote, miezi yote mitatu. Mkamdai kaburini."

Saini ilikuwa yako. Ile O kubwa iliyoumeza mstari, nani asiyeijua? Bosko akatoka. Huko chini barabarani akapiga teke matofali ya watu mpaka kiatu kikaachia. Abdala akasema, "Marehemu hasemwi. Tumwachie Mungu." Mimi sikumwachia. Nilikumbuka ngazi, nikakumbuka mambo ya karatasi, na kila kitu kikakaa mahali pake. Ndiyo maana ulikuwa unatuambia tusubiri. Ndiyo maana hukuwa na njaa kama sisi. Hata ile "Te, Te" nikaitafsiri upya: alikuwa anaungama.

Misa yako ya arobaini, mimi na Bosko hatukuja.

Bosko ndiye aliyesema tuchukue mashine yako ya kuchomelea, tuuze, tugawane. Nilikubali. Tena nikasema niende mimi, kwa kuwa Mama Gaudensia ananipenda. Unaona ubaya wangu ulipofika.

Nilimkuta anapepeta mahindi. Nikamweleza. Nilidhani atalia au atanifukuza. Alisimama, akaifuta mashine vumbi kwa kanga yake, akaisukuma mbele yangu. "Chukua, mwanangu. Kama alikula chenu, chukueni." Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa kutafuta neno la kupooza mambo nikasema, "Mama, si kwamba sina shukrani. Hata ada ya mtoto alinipa, alipouza yule nguruwe."

"Nguruwe gani?"

"Wa Mpitimbi."

"Tekla," akasema, "sisi hatujafuga nguruwe tangu ile homa ilipomaliza banda zima. Mwaka wa nne huu."

Niliiacha mashine palepale. Nilichukua bodaboda hadi kwa Bosko, nikamuuliza zile hela za upasuaji wa mkewe ulizompa zilitoka wapi. Akakunja uso. "Alisema ameuza nguruwe." Nguruwe mmoja, ameuzwa mara mbili! Tukamfuata Abdala. Naye alikiri ulimpa nauli ya kwenda kumzika mama yake na kitu kidogo juu. Kwake, kwa heshima ya dini yake, ulisema umeuza mbuzi.

Kumbe hela za Fidelis ulikuwa unatugawia sisi, kwa jina la mifugo. Fundi, tulicheka. Sisi watatu, uani kwa Abdala, tulicheka mpaka mkewe akatoka kutazama. Kisha Bosko akaacha kucheka na kuinamisha kichwa.

Lakini mimi ulinifundisha kwamba mshono wa chuma ukionekana mzuri juu, gonga usikie ndani. Tulichopewa na wewe hakikufika hata nusu ya mshahara wa mtu mmoja, na saini zilikuwa tatu. Nikaenda kwa afisa kazi. Ni kijana, nikamshuku naye, maana aliongea na Fidelis kwa simu akicheka. Ila siku aliyopanga, alikuja kule ofisini Mfaranyaki. Fidelis akatoa vocha na kuzishika vilevile kama karata. Afisa akasema, "Weka mezani, mzee. Zote."

Mbili zilikuwa zako. Juu imeandikwa "malipo kamili, mafundi wote wanne", na chini ya jumla, kwa kalamu nyingine, hafifu, imeandikwa kiasi ulichopokea siku ile kweli. Kidogo tu. Ya tatu haikuwa na kalamu nyingine. Saini ilikuwa nzuri, imenyooka, O imeumeza mstari. Nikasoma tarehe mara mbili. Ilikuwa ile Alhamisi ya uji.

Nikamwambia afisa kazi, "Siku hii mkono wa kulia wa huyu mtu ulikuwa umelala kitandani kama kuni. Mimi ndiye niliyemlisha. Bwana Fidelis aulizwe nani alisaini." Daftari la hospitali lipo, nikasema. Wauguzi wapo. Fidelis akasema karani alikosea tarehe. Afisa akamwambia amwite karani. Karani alikuwa safarini. Fidelis akaomba maji ya kunywa, na yalipoletwa hakuyanywa.

Mshahara wa mwezi wa tatu wa kazi tumelipwa wote, na fungu lako limekwenda mkononi kwa Mama Gaudensia, mimi nikiwa shahidi. Ile miezi miwili ya kwanza wamekubali kulipa kwa mafungu, wakikata kile ulichotugawia. Fungu la kwanza limeingia. La pili lilitakiwa wiki iliyopita. Fidelis anasema mfumo wa benki unasumbua. Anapokea simu zangu kwa adabu siku hizi, na adabu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Afisa kazi ameandika barua wilayani. Nakala ninayo, nimeitoa fotokopi tatu na kuziweka nyumba tatu tofauti.

Sasa lililobaki ni letu, mimi na wewe. Ulisoma "malipo kamili" kabla ya kusaini? Kusoma ulijua. Nadhani alikwambia: chukua hiki kidogo, saini, usiwaambie wenzako wasije wakanivamia, nyingine inakuja. Nawe ukamwamini kwa sababu mliimba pamoja. Au hukumwamini, ila uliona mke wa Bosko anakufa ukaamua kusaini chochote. Nimejumlisha ulichopokea na ulichotugawia. Kuna kiasi hakionekani. Mama Gaudensia hakijui. Labda kilikuwa dawa zako za presha, labda kilikuwa kitu kingine. Nimejumlisha mara nyingi, Fundi, na jana nikaichana ile karatasi. Sitaki kukujumlisha tena.

Lakini nitakulaumu kwa jambo moja mpaka nami nije huko: ungetuambia. Tungegombana, tungepanda ngazi wanne, na pengine pale chini ya nguzo usingeanguka peke yako na siri mwilini.

Pale kwenye genge la maandazi nilirudi Jumamosi. Nikasimama, nikasema kwa sauti ileile: Otmari hakutuibia, nilisema uongo. Wengine walikuwa hawakumbuki hata nilichosema mwanzo. Mama mwenye genge alikumbuka. Akasema, "Haya, na wale waliokwisha kuondoka na habari ya kwanza utawapata wapi?" Nakuahidi nitawatafuta, mmoja mmoja, Bombambili mpaka Mpitimbi. Na nakuahidi kila karatasi watakayonipa nitaisoma mpaka chini, na wenzangu nitawasomea.

Pumzika, Fundi wangu. Jumapili tunakuja kwako wote watatu. Abdala ameomba tu asikae karibu na wanaoimba. Msalaba wako wa mti mchwa wameuanza, kwa hiyo tunaleta wa chuma. Bosko ndiye anayeuchomelea. Hajatamka samahani hata mara moja, na sidhani atatamka. Ila jana nimemkuta amepiga magoti karakanani, ameuvunja kwa mara ya tatu, anauanza upya, kwa sababu anasema mshono haujanyooka na wewe utauona.

Mwanafunzi wako,
Tekla